Chapati za Mikono Miwili

Kawangware, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nalisema neno hili kwa raha, maana hapa Nairobi nimekosa wa kumpa. Nilipohamia nilimwamkia mwenye nyumba wangu hivyo, akaniangalia juu hadi chini, akaniuliza kama nimeshuka kutoka Tanzania asubuhi hiyo. Nikamwambia mama yangu ni wa Musoma, ametulea kwa Kiswahili chake, na asiyekitaka akiache. Basi, hujambo? Goti bado linakusumbua? Na yule jogoo wa Baba Mdogo ameacha kuingia jikoni au mmeshamla? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila sasa nitanenepa, na sababu utaiona.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa uliniomba. Simu yako inasikika hadi kwa jirani wa tatu, nawe ulisema mambo ya ngozi yako hayataki wasikilizaji. Swali lako la mwisho sijalisahau: "Hiyo dawa mnayoijaribu inafanya kazi au haifanyi? Kama haifanyi niambie tu, niache kungoja." Lile "niache kungoja" liliniuma, Mama. Nilikwambia usubiri kwa sababu siku hiyo sikuwa na jibu. Leo ninalo, tena zuri, lakini usiruke mistari kwenda mwisho. Nakujua.

Unajua wagonjwa wetu ni watu kama wewe, wenye magamba viwikoni, magotini na kichwani. Vitabu tulivyosomea vina picha za Wazungu, ngozi nyekundu kama nyanya. Kwetu sisi huwa nyeusi yenye majivu juu yake, kwa hiyo wengi walishaambiwa ni choa, yale mashilingi, wengine wakaambiwa wamerogwa. Nimekueleza mara ngapi? Si uchafu, si laana, na haiambukizi. Ni askari wa mwili waliochanganyikiwa, kama mbwa wa boma anayemng'ata mwenye boma. Dawa haimfukuzi mbwa, inamtuliza.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Kila mgonjwa, katika kliniki yetu ya Kibera na ile ya huku Kawangware, tulimpa makopo mawili. Kopo la kushoto apake mkono wa kushoto, la kulia apake mkono wa kulia. Moja lina dawa, lingine mafuta matupu, na si kwa wote dawa iko upande mmoja. Lipi ni lipi, mgonjwa hajui, mimi sijui, Profesa anayetuongoza hajui. Anajua mfamasia peke yake. Ndiyo kazi yetu ilivyo, maana ukijua, macho hukudanganya. Mkono mmoja ukipona na mwingine ukibaki na magamba, basi tunajua dawa ni dawa.

Lakini watu walirudi na mikono iliyofanana! Yote miwili imelainika sawasawa. Profesa alitukusanya, yeye ni mtu asiyecheka hata harusini, akasema, "Kama mafuta matupu yanaponya hivi, dawa ni ya kazi gani? Tunafunga."

Nilikuwa nakuona wewe kwenye matanga ya Shangazi, umeinama kwenye sufuria unasonga ugali, halafu mama mmoja akaona viwiko vyako, akakunyang'anya mwiko mbele ya watu eti upumzike. Upumzike! Wewe uliyekuwa ukipikia kijiji kizima, misiba na harusi, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuita jikoni. Nilikuwa nimejiapiza kwamba huo mwiko utarudi mkononi mwako. Sasa nikawa natafuta maneno ya kukwambia uache kungoja, na maneno yenyewe siyaoni.

Basi Jumapili moja mwezi uliopita nikaenda Kisumu Ndogo, kule Kibera, kumwambia mgonjwa wetu mmoja kwamba tunafunga. Anaitwa Mama Beryl, anapika chapati kando ya kanisa lao. Magamba yalikuwa yamemfukuzia wateja wote, wakahamia kwa jirani yake ambaye chapati zake, nakuapia, mbuzi angezifikiria mara mbili. Nikamkuta anawatayarisha watoto waende kanisani. Wamekaa kwenye benchi, miguu inang'aa kama sufuria mpya, naye anachota mafuta kwenye kopo. Nikalitazama lile kopo. Letu! La kulia!

"Mama Beryl, hiyo ni nini?"

"Hii? Si ni ile mafuta yenu ya mkono ya kulia. Iko poa sana kwa watoto, haikauki haraka."

"Na mkono wa kulia unapaka nini?"

Akanionea huruma, nikaiona kabisa usoni. "Napaka hii ya kushoto. Daktari, hii ndio ilisaidia. Niliona huu mkono umepona, huu mwingine bado uko na magamba. Sasa ningefanya aje? Mimi hukanda unga na mikono yote mbili. Mteja akiona moja iko sawa na ingine iko vile, atanunua chapati ya mkono gani?"

"Lakini kila ukija tunakuuliza kama umepaka dawa!"

"Na nasema nimepaka. Kwani nilidanganya? Hata makopo zote narudisha zikiwa zimeisha."

Hasira ikanipanda, ile niliyoirithi kwako. Nikafungua mdomo nimseme, badala yake nikaketi pale kwenye benchi na wale watoto wanaong'aa, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mama Beryl akadhani nimepatwa na kichaa, akaniletea chai. Nilikuwa nimeelewa, Mama. Mikono ilifanana kwa sababu yote miwili ilikuwa imepakwa dawa!

Siku zilizofuata tukawauliza wagonjwa mmoja mmoja, kwa upole, tukiwaahidi hakuna atakayefukuzwa. Karibu wote walikuwa wamefanya vilevile. Hata mwenye nyumba wangu, yule bibi Mkikuyu tunayemwita Cucu Njoki, ambaye anatibiwa kliniki ya huku. Huyo alinijia juu: "Wee daktari! Nyumba yako ikivuja pande mbili, nirekebishe mabati upande moja, nikuachie beseni upande ule mwingine, ndio nijue kama fundi ni mzuri? Wewe ungenilipa rent?" Nikasema singelipa. "Ehe!" akasema, akaenda zake.

Kisha tukamwita mfamasia. Kila mmoja wao alikuwa amehamia kopo moja, huyu la kushoto, yule la kulia. Mimi nikawa nataja jina na upande, naye anajibu. Mama Beryl, kushoto. "Dawa." Cucu Njoki, kulia. "Dawa." Dawa. Dawa. Dawa. Nilipofika katikati nilikuwa nataja majina nikiwa nimesimama. Jina la mwisho lilipojibiwa, Profesa akasema, "Tumeharibu utafiti mzima, na sijawahi kufurahi hivi." Akacheka, Mama. Ana meno mazuri kumbe.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: inafanya kazi. Usilitangaze kanisani bado, kwa sababu wenzetu wa utafiti hawatakubali ushahidi wa namna hii, na wana haki. Tunaanza upya. Safari hii kila mtu atapewa aina moja tu kwa mwili wote, usije mkono mmoja ukauonea mwenzake wivu, na watakaoangukia mafuta matupu watapewa dawa baadaye. Lakini mimi nimeshatua mzigo. Wiki hii nimelala kama mtoto, na hamu ya chakula imenirudia.

Na kuna jambo jingine. Profesa amekubali kliniki ya Migori, hapo karibu nawe, iingizwe, kwa hiyo hutahitaji kuja Nairobi. Usiniombe nikuibie kopo, sitakuibia, hata ukinuna. Atakayekupima ni daktari mwingine, maana wewe ni mama yangu na nitakuona umepona hata kama hujapona. Hata dawa ikikukubali, magamba yanaweza kurudi siku nyingine. Yakirudi tutayatuliza tena. Na ile krimu ya kuchubua uliyouziwa sokoni, usiipake tena kabla hujaonana naye. Nimesema!

Nisalimie Baba Mdogo, aliyenibeba kwa baiskeli kwenda shule mvua ikinyesha. Msalimie Mjomba Magesa akivuka mpaka kuja kukuona, umwambie deni langu la samaki sijalisamehe. Dada yangu Adhiambo, bibi harusi wetu wa mwisho wa mwaka, mwambie viatu alivyotaka nimevipata, aache kunitumia picha. Na yule jirani wa tatu msalimie pia, asije akasema amesahauliwa.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi kwenye ofisi ya basi. Kifungue siku hiyohiyo. Nilimsimulia Mama Beryl habari za mwiko, bila kutaja jina lako wala kijiji, nikamwambia tu ni mama mmoja wa huko kwetu. Aliendelea kukanda. Leo asubuhi akanipa chapati zilizofungwa kwa gazeti na kitambaa, akasema, "Hizi ni za huyo mama. Mwambie nimezikanda na mikono yote mbili." Sikumwambia huyo mama ni wewe, lakini sidhani kama ilihitajika.

Mama, hajapona kabisa. Kiwiko chake cha kulia bado kina magamba, niliyaona akikanda. Mimi nimekula kwake karibu kila siku wiki hii, na foleni pale kanisani imeanza kurudi. Zipashe moto, ule mbele ya watu, uwagawie na wao. Wakishasifu, na watasifu, waambie aliyezipika ana ugonjwa kama wako. Halafu siku ya harusi ya Adhiambo uingie jikoni na blauzi ya mikono mifupi, uchukue mwiko wako.

Akupendaye na aliyeshiba,
binti yako Akoth