Kiboksi cha Kijani Kifuani kwa Baba

Mtwara

Mdogo wangu Yohana,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo hilo tumelimaliza. Mama anaendeleaje tangu msiba? Anakula? Mimi na mwanangu Neema tu wazima wa mwili, ila moyo wangu unachemka. Naandika kwa sababu kwenye simu nikipandisha sauti unakata.

Picha za baba zimefika. Umeniudhi.

Kamera ile niliituma huko nyumbani Mungaa kwa kazi moja tu: umpige baba picha kabla ugonjwa haujammaliza, maana hatukuwa na hata moja aliyoonekana vizuri. Nikakueleza kwamba inatafuta sura za watu yenyewe, inazizungushia kiboksi cha kijani, na kilipo kiboksi ndipo picha inapotoka safi. Angalia kimemkalia nani, ndipo ubonyeze. Wewe ukamkalisha baba juani, kofia imemfunika mpaka puani, na amevaa fulana ya kampeni yenye sura ya mgombea. Kamera haikuona uso wowote kwenye giza la kofia, ikaona ule wa kifuani. Picha zote! Mgombea anacheka, hata meno unaweza kuyahesabu. Juu yake baba yetu ni ukungu wenye kofia.

Nilipokuuliza ukanijibu, "Sasa dada, si kiboksi kilikuwa kijani? Na fulana mzee mwenyewe kaing'ang'ania, ndiyo nguo yake mpya." Kilikuwa kijani, ndiyo! Kifuani! Macho yako ulimwazima nani? Na huyo mgombea naye, tangu achukue kura zetu nani kamwona Mungaa? Maji mama bado anayafuata bondeni. Leo kachukua na picha ya mwisho ya baba.

Kwenye mazishi sikufika, hapa studio walininyima ruhusa. Siku mnamzika nilikuwa nawapiga watu nisiowajua picha za pasipoti, sura zao zote safi, huku nalia.

Mama ananiambia, "Mwache mdogo wako. Mume wangu namjua hata kwenye ukungu." Yeye anamjua. Neema hajawahi kumwona. Jana nilimpakata nikamwonyesha picha, nikamwambia, "Mwone babu." Akaweka kidole kwenye uso wa mgombea, akamchekea, akasema, "Babu."

Nililia kwa hasira, Yohana.

Sasa nisikilize. Ukiisoma barua hii, mtoe mama nje, akae kivulini penye mwanga. Avae gauni lake la kanisani, lisilo na sura ya mtu. Kizime hicho kiboksi. Weka kidole chako kwenye uso wake pale kwenye kioo cha nyuma ya kamera, imlenge yeye, mpaka makunyanzi yote yaonekane, ndipo ubonyeze.

Msalimie shangazi anayelala na mama siku hizi, na baba mdogo aliyesimamia mazishi kwa niaba yangu. Wewe salamu zako nitakupa nikiyaona macho ya mama.

Dada yako,
Salome