Candelaria Wanne, Faili Moja

Jumatatu, 14 Oktoba

Niwie radhi, daftari. Sijakufungua tangu baridi ya Juni. Nilimezwa na ushuhuda wa watu wa Vilcara, wanaoushtaki mgodi kwa kutia sumu mto wao. Mimi, mwalimu mstaafu wa sarufi, nauchapa na kuusahihisha. Mahakama inakaa Jumanne ya wiki ijayo.

Leo wakili Remberto ametengeneza makro: amri chache ndani ya programu ya kuandikia. Inafungua kila faili la folda, inanyoosha pambizo, inalihifadhi kwa jina jipya, inafuta la zamani. Jina gani, akauliza. La shahidi, nikamjibu. Mafaili yangu yalikuwa na majina kama “mama wa darajani”, na hayo si ya mahakamani. Kazi ya wiki nzima ikaisha kabla api, uji wangu wa mahindi, haijapoa kikombeni.

Jumatano, 16 Oktoba

Mafaili matatu hayapo!

Vilcara, msichana akizaliwa Februari hupewa jina la Bikira Maria wa Candelaria, mwenye sikukuu mwezi huo, na nusu ya kijiji ni akina Mamani na Quispe. Mashahidi waitwao Candelaria Mamani Quispe wako wanne. Makro haikuuliza kitu — kila faili liliandikwa juu ya lililotangulia. Limebaki la mwisho. Niliulizia nakala ya akiba. Remberto hakuwa ameweka. Sauti hatuna, kina mama walikataa kurekodiwa.

Agizo la majina lilikuwa langu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wawili wamekuja kwa basi la kwanza kusema upya. Mmoja alicheka mpaka akashika ubavu, akamwambia mwenzake, “Si nilijua wewe mwizi wa jina utanimeza siku moja?” Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Wa tatu hatakuja. Alikuwa mchunga llama, na ndiye pekee aliyewaona watu wa mgodi wakifungua bomba la sumu mtoni. Alifariki Agosti.

Ijumaa, 18 Oktoba

Remberto alifunga mlango kwanza. Bila yule mama, alisema, mgodi utakana bomba na kesi itaanguka. Kisha akashusha sauti: “Mwalimu, ushuhuda ule umeupitia mara ngapi? Umo wote kichwani mwako. Uandike tu. Hutaongeza uongo hata chembe.”

Umo, kweli. Na alama ya kidole gumba chake tunayo, kwenye karatasi ya mwisho, isiyo na maandishi — tuliichukua mapema kwa kuwa aliishi mbali. Lakini yeye alisema kwa vipande, kwa Kiaymara na Kihispania. Mimi ndiye niliyeunga. Ninachokumbuka ni maneno yake, au ni usahihishaji wangu?

Na kesi ikianguka, Vilcara wanywe nini?

Mchana akaja Sabina, binti wa yule marehemu, na chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi, kwenye kitambaa. Hajui lolote. “Mwalimu, nisomee alivyosema mama. Nisikie mara moja tu, kabla majaji hawajasikia.”

Nikamwambia angoje kidogo.

Bado yuko kwenye benchi la mlangoni. Remberto naye amepita mara mbili. Nikishakata shauri, niuandike ushuhuda ule au nimwambie Sabina ukweli, nitakuandikia, liwe lolote. Sasa Sabina anakohoa mlangoni.