Chungu Chini ya Kitanda cha Papa Karangwa

Mama Anne, wewe mwenye kushauri watu katika gazeti, pokea salamu kutoka Muheto na unisaidie mbele siku ya Mungu ya juma hii ifike. Mimi ni Polycarpe, moniteur, na kila magaribi ninafundisha watoto kusoma na kusema hadithi, kila mutoto kwa njia yake, maana mutoto wa wachungaji unamupatia ng'ombe katika hadithi na anafunguka, mwenye kupenda kula unamupatia maharagi, lakini Emérence, binti wa Papa Karangwa, alikuwa kama bubu darasani tangu aanze masomo, mufalme mwenye choyo wa hadithi ya kitabu hakumuingia kichwani, njo nikamwambia mutoto, "Basi mama, huyu mufalme tumuweke kwenu nyumbani," na siku hiyo mutoto alisema mpaka nikamuomba apumzike. Sasa mufalme wake anavaa kofia ya Papa Karangwa, anakohoa kama Papa Karangwa, na wageni wakibisha anasukuma chungu cha nyama kikiwa cha moto chini ya kitanda na kusema, "Karibuni, leo hapa hatukupika," mpaka siku moja kitanda cha nyasi kinashika moto. Directeur alimusikia akacheka mpaka machozi, akamuweka wa kwanza kusema siku ya proclamation, ile siku ya Mungu ya kusomea watoto matokeo, wazazi wote wakikaa mbele, na Papa Karangwa ameisha kununua koti mupya, na mimi njo ninataka kuoa Dancille, dada mukubwa wa Emérence, wazee wetu wataenda kumuomba mwezi huu. Nilijaribu kumurudishia mutoto mufalme wa kitabu, akafunga kinywa tena. Nimunyamazishe, ao nipoteze bibi?

Polycarpe, Muheto

Polycarpe,

Ulifanya mutoto aseme, sasa unataka kumufunga kinywa sababu ya bibi? Iko haya. Pole kwa wasiwasi, lakini ulijitakia. Kuleta mufalme nyumbani kwa mutoto, hiyo iko akili nzuri sana. Kumuachia mufalme avae kofia ya baba mukwe, hiyo iko uchokozi, na ninasikia toka hapa vile ulifurahi. Tena mutoto hakuota ile chungu. Nafikiri Muheto yote wanaijua, Karangwa peke yake njo anafikiri iko siri.

Emérence atasema, hapo hatubishane. Lakini baba yake asisikie mara ya kwanza mbele ya watu. Uende kwake leo, saa ya chakula, bila kutuma habari, na kasiksi yako, pombe ya ndizi, mukononi, umuombe asikilize mutoto wake. Kofia uitoe, kukohoa utoe. Chungu ibaki. Mwisho wa hadithi, kama iko moto ao iko kicheko, umuachie mutoto autafute mwenyewe.

Karangwa akicheka na kuita Dancille alete sahani, peleka wazee wako mbio. Lakini akisukuma chungu chini ya kitanda mbele ya macho yako, usiage. Kaa. Ongea juu ya mvua, ongea juu ya mihogo, mpaka nyasi zianze kunuka moshi. Hapo Emérence atakuwa amepata mwisho wa hadithi yake.

Mama Anne