Nywele za Harusi ya Shangazi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba! Huku Dunda sote wazima, na babu yako kashavuna mihogo.

Ati nywele zile za pichani nilizichoma na nini? Moto haukuzigusa! Nilikuwa mtoto, kesho yake ni harusi ya shangazi yangu; usiku mama akazilowesha, akazipaka mafuta ya nazi, akaziviringisha kwenye vitambaa, akafunga mafundo, nikalala navyo. Asubuhi akafungua: pete pete tupu! Niliruka!

Harusini, ndani kwa wanawake, wakanizunguka. “Nani kakutengeneza?”

Nikageuka kumwonyesha mama. Ndipo nilipojua vile vitambaa vilichanwa kutoka wapi. Doti yake mpya imebaki kanga moja! Kajifunga hiyo hiyo, kichwa wazi, anacheza kuliko wote!

Bibi yako