Kuhama Kambi

Hull, Uingereza
6 Februari 1994

Kwa dada yangu Mwanarehema,

Shikamoo. Natumai hujambo, shemeji Boga na watoto hawajambo, na mama kifua kimempa nafuu. Mimi mzima, ila baridi na masomo vimenichosha.

Uliniuliza siku za mapumziko nafanya nini. Usinicheke. Katika chumba cha kompyuta cha chuo kuna mchezo. Hauna picha, ni maandishi matupu. Unajipa jina, unachagua kambi, ya Lango au ya Mto, halafu unaandika unalofanya, na watu wa nchi nyingine walioketi mbele ya kompyuta zao wanakusoma na kukujibu. Kambi hizo ni maadui. Mimi nilikuwa Lango, nikilinda ukuta pamoja na mtu anayejiita Tumbili. Juzi nikahamia Mto. Unaandika neno moja tu, umeshahama. Nilidhani nitaona raha, au hata aibu. Sikuona kitu. Nikaenda kula.

Baadaye Tumbili akaniandikia: "Nilikuwekea nafasi yako ukutani." Sikumjibu.

Mwambie mama aniombee dua.

Nduguyo mdogo,
Matano


Shika Adabu, Likoni
20 Machi 1994

Kwa ndugu yangu Matano,

Marahaba. Hatujambo, alhamdulillahi, ila mama kifua bado kinambana. Nimemsomea barua yako. Akauliza, "Huyo Tumbili ni mtoto wa nani?" Nikamwambia hata Matano hajui. Akasema, "Mwambie amjibu."

Na mimi nimehama. Sitaki ulisikie kwa watu. Nimetoka Ridhaa, chama cha mama cha kusaidiana harusini na matangani, nimeingia Sitara, wapinzani wao. Sababu ni Nyamvula, wifi yangu. Si unajua ana mabaka meupe ya mbalanga mikononi? Tulikuwa harusini, tumevaa leso zetu za sare, tunapika. Bi Mastura, mwenyekiti, akamwambia mbele ya kila mtu, "Mikono hiyo isiguse chakula cha watu." Nyamvula akaweka mwiko chini, akatoka. Nikatoka nyuma yake.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi nitabaki, Rehema. Nimewazoea wenzangu."

Tangu hapo nikifika bombani wanawake huacha kuzungumza. Wewe waniambia hukuona kitu. Mimi naona kila asubuhi, na ndoo mkononi.

Dadako,
Mwanarehema


Hull
17 Mei 1994

Dada,

Shikamoo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Simu ya shemeji ilikatika kabla sijauliza lolote zaidi ya saa aliyofariki. Nimemsomea mama Yasini peke yangu, nikarudia mpaka sauti ikakauka. Nieleze alivyozikwa. Nani alimwosha, nani alipika, wewe ulikaa wapi. Usinifiche kwa kuwa niko mbali.

Nduguyo,
Matano


Shika Adabu
19 Juni 1994

Ndugu yangu,

Marahaba. Mungu akupe subira, nasi atupe.

Mama alikuwa wa Ridhaa, basi Ridhaa walikuja. Walijaa uani kabla majirani wengine hawajapata habari. Walimwosha kwa upole, wallahi, kama mtoto mchanga, nami nikawa namwaga maji. Hilo hawakuninyima. Lakini nilipoingia jikoni, jikoni kwangu mwenyewe, Bi Mastura akaniondolea mwiko mkononi. "Kaa, mwanangu. Leo wewe ni mgeni wetu." Alisema kwa sauti nzuri, hata siwezi kudai amenitukana. Nikakaa mkekani na wageni, nikaletewa chai kwa vikombe vyangu.

Nyamvula hakuingia. Alisimama nje ya ua mpaka jeneza likatoka. Sitara walileta sukari na unga, wakatoa pole, wakaenda zao. Jiko halikuwa lao.

Nimechoka, Matano. Nikilala naamka nimechoka vilevile.

Dadako,
Mwanarehema


Hull
24 Julai 1994

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumai umepata nguvu kidogo. Mimi sijambo.

Dada, rudi Ridhaa. Mwombe radhi Bi Mastura, hata kwa mdomo tu. Mimi nimerudi Lango. Niliandika lile neno, wakanipokea bila swali. Nikaenda ukutani kumjibu Tumbili. Hayupo. Wenzake wanasema alitoweka zamani. Hakuna ajuaye jina lake, wala mji wake, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Labda ameugua. Labda amechoshwa na mchezo. Nitamwuliza nani? Sina mlango wa kubisha.

Nilidhani kuhama si kitu kwa sababu unaweza kurudi wakati wowote. Nimerudi, na siku hizi nakaa pale naangalia maandishi ya watu yakipita, sina la kuandika.

Wewe unao mlango. Rudi.

Nduguyo,
Matano


Shika Adabu
11 Desemba 1994

Ndugu yangu Matano,

Marahaba. Sisi wazima. Nisamehe kukawia, barua yako ilinikera. Wewe ulirudi kwa neno moja, nalo halikukuuma. Mimi nikirudi, nitakuwa nimemwambia Nyamvula kwamba Bi Mastura alisema kweli. Sirudi.

Lakini mwezi uliopita Bi Mastura alifiwa na mumewe. Sikuvaa sare ya Ridhaa wala ya Sitara. Nilijifunga leso kuukuu, nikapitia nyuma ya nyumba yake kwenye masufuria machafu, nikaanza kusugua. Ridhaa walinipita kana kwamba mimi ni jiwe. Karibu na alasiri Bi Mastura mwenyewe akatoka, macho yamevimba.

"Umetumwa na Sitara?"

"La, Bi Mastura. Nimekuja mwenyewe."

"Na Nyamvula?"

"Yuko nyumbani. Unajua kwa nini."

Nilidhani atanifukuza. Akachukua kata, akainama, akawa ananimwagia maji nikisuuza, sufuria baada ya sufuria, na mimi namwambia aingie ndani akapumzike, hataki. Radhi hakuomba. Nami sikuomba.

Kesho ni arubaini ya mumewe, na vyombo vitakuwa vingi. Mgongo unaniuma tangu sasa. Nyamvula anasema atanisindikiza mpaka kwenye kona ya ua, si zaidi.

Dadako,
Mwanarehema