Siku Ulipokata Mpira wa Hamadi

Mpendwa kakangu Kassim,

Shikamoo. Sijui uko Tanga, Pemba, au umeshavuka mbali zaidi, na ndiyo maana barua hii siitii kwenye bahasha. Naiacha wazi, asome anayetaka, na anayekujua akufikishie. Mama yu hai. Naanza na hilo ili usisome roho ikiwa juu.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponichukua kwenda mwambani kuvua. Nilikuwa nimeachishwa kazi kwenye karakana ya matairi kule Magongo, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, na sikuwa na pa kwenda ila kwako. Tulitoka Mtongwe alfajiri, mimi na wewe na Kazungu aliyeshika mashine, tukapita mlango wa bandari mpaka maji yakawa ya buluu nzito. Ukasimamisha chombo. Ukaniambia chini yetu kuna mlima wa mawe uliojaa mapango, na kila pango lina samaki wake, chewa.

"Akishika chambo una pumzi tatu tu," ulisema. "Usipomng'oa hapo hapo anaingia shimoni, anatanua mashavu, na hapo hata tingatinga halimtoi."

Chewa wangu wa kwanza aliingia shimoni. Mshipi wa kuvulia ulikwama kama nimeufunga kwenye jiwe. Ukanipiga kofi, kisha la pili, mbele ya Kazungu, na damu ya pua ikanidondokea juu ya ngisi wa chambo. Halafu ukauchukua mshipi, ukaulegeza, ukaketi nao umeulaza kidoleni. Ulikaa hivyo kitambo kirefu mpaka yule samaki akasahau na kutoka. Ukamng'oa. Alipofika juu tumbo lilikuwa limemtokea mdomoni na macho yamemvimba. Ulimponda kichwa kwa rungu mara tano, na mara moja ingetosha. Ukanawa mikono, ukaumega mkate wako, kipande kikubwa ukanipa mimi.

"Kula, mdogo wangu. Kesho hutakosea."

Ndivyo ulivyokuwa. Mkono uliopiga ndio uliolisha, na mimi nilikupenda kwa yote mawili. Unakumbuka lile chewa lililonipeleka majini? Mshipi ulinizunguka kifundo cha mkono, nikaenda chini kichwa mbele, naona mwanga wa juu unakuwa mdogo. Uliruka na kisu mdomoni. Ulikata mshipi pamoja na nyama yangu, ukanivuta kwa nywele, na uliponitupa ndani ya chombo ukanipiga teke la mbavu kwa kunitisha. Kovu ninalo. Ningekuwa mfu kama si kisu chako, na jambo hilo nalisema kwa kila mtu, hata kwa polisi nililisema.

Lakini kakangu, sisi tulikulea vibaya. Ulipomchoma yule mchuuzi kiganja kwa ngoe, ule mti wenye kulabu, pale ufukweni, ati kakanyaga mishipi yako, tulisema una hasira za karibu. Ulipomvunja Kazungu kidole, yeye mwenyewe alisema alijikwaa. Mama alisema Kassim damu yake ina joto. Nami nilinyamaza, kwa sababu siku uliyokuwa unampiga mwingine hukuwa unanipiga mimi.

Sasa nifike Jumanne ile.

Tulikuta chombo kigeni juu ya mwamba wetu. Pampu ya upepo ilikuwa inanguruma ndani yake, na mpira mrefu wa manjano wa kupitishia hewa umeelea juu ya maji, ukizama karibu na omo, mbele ya chombo chetu. Mzee mmoja mfupi alikuwa ameketi na pampu, peke yake. Mzamiaji alikuwa chini na bunduki ya kuchomea samaki. Ulimwambia yule mzee aondoe chombo chake.

"Bahari haina uzio, bwana," alikujibu.

Ulitia mshipi vilevile, na haukupita muda ukapata. Niliona mabega yako yakikaza, nikajua ni mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwapata. Ulivuta pima moja, pima mbili. Kisha mshipi ukalegea. Ukaupandisha wote, na mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa kisu, safi kabisa. Aliyekuwa chini alikuwa amemchukua samaki wako.

Ulitazama ule mwisho wa mshipi. Sijakuona ukitulia namna ile maishani mwangu. Ukachukua ngoe, ukaunyanyua ule mpira wa manjano kutoka majini, ukaulaza juu ya ubao.

Kazungu akasema, "Kassim, kuna mtu mwisho wa mpira huo."

Ukasema, "Najua."

Ukaukata.

Upepo ulitoka kwa kishindo, mpira ukapigapiga ubavu wa chombo. Yule mzee alipiga ukelele ambao bado naamka nao masikioni. "Hamadi! Hamadi!" Aliita kana kwamba Hamadi angemsikia kule mapangoni. Mimi nilisimama tu. Nakiri. Nilisimama nikitazama maji, na maji hayakuonyesha kitu.

Kisha akaibuka, hatua nne kutoka kwetu. Miwani yake ilikuwa imejaa damu. Aliivua, damu ikamwagika puani na masikioni, akafungua mdomo na haikutoka sauti. Akaja kwetu kwa sababu sisi ndio tuliokuwa karibu. Alishika ubao wa chombo chetu kwa vidole, Kassim. Alikuwa anaomba kupandishwa.

Ulimpiga kwa rungu la chewa. La kwanza begani. La pili kichwani, nikasikia mlio wake, nao haukuwa tofauti na mlio wa samaki. Nilikushika kiuno, ukanipiga kiwiko nikaangukia ndoana, mbili zikaniingia mgongoni. Nilipoinuka ulikuwa umeinua rungu mara ya tatu na Hamadi bado ameng'ang'ania ubao. Nikachukua kasia.

Nilikupiga mdomoni kwa nguvu zangu zote. Meno yako mawili yalianguka mbele ya miguu yangu. Ulianguka chali, nami nikakupiga tena ukiwa chini, mara ya pili na ya tatu, na hizo mbili hazikuwa kwa ajili ya Hamadi. Zilikuwa za yale makofi, na mateke, na kidole cha Kazungu, na miaka yote ya kunyamaza. Nilikuwa naona raha. Kazungu ndiye aliyeninyang'anya kasia.

"Basi! Utamuua na wewe! Nisaidie huyu!"

Tulimpandisha Hamadi. Miguu yake ilikuja mwishoni, mizito, kama si yake. Kazungu aliifungua mashine mpaka mwisho, na yule mzee akatufuata nyuma akilia. Wewe uliketi omo, kitambaa mdomoni, ukinitazama. Tulipogusa mchanga wa Mtongwe uliniambia, "Umeniuza kwa mtu usiyemjua hata kwao." Ukaondoka kwa miguu. Kufika adhuhuri nguo zako hazikuwepo nyumbani.

Polisi walikuja. Kabla hawajaingia, Mama alinivuta chumbani akanishika mashavu. "Sema mpira ulikatwa na rafadha ya mashine ikizunguka majini. Mwanangu, nakuomba. Nani atajua?" Na kweli nani angejua? Mzee wa pampu alisema hakuona vizuri, jua lilikuwa linamchoma macho. Kazungu alikuwa tayari kusema lolote nitakalosema mimi. Ningeweza kusema hivyo na leo ungekuwa hapa unakula nasi. Nilisema niliyoyaona. Nilisema pia yangu, ya kasia. Mama hakunisemesha miezi mitatu. Akiniona naingia, anajifunika leso usoni.

Hamadi hakufa. Anakaa Utange na mkewe. Madaktari walisema kupanda kwa ghafla kutoka kina kile ndiko kulikomharibu uti wa mgongo, na miguu haitarudi. Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi kitandani, kikombe cha chai mkononi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nduguyo alijua niko chini?"

Nikasema, "Alijua."

Chai yote ilinifika usoni, na kikombe kikanipasua nyusi. Mkewe alikuja mbio na kitambaa, na Hamadi akamwambia amwache mbwa huyu avuje. Nikavuja. Sikuondoka, wala sijui kwa nini. Baadaye, sauti imempungua, akasema, "Aje basi. Aketi hapo ulipoketi wewe, anitazame nilivyo, alitamke mwenyewe neno hilo, kwamba alijua. Mimi sitaki kitu kingine kwake."

Nimekuwa nikienda kila Ijumaa baada ya swala. Namwinua na mkewe tukimwosha. Siku nyingine ananitukana, siku nyingine tunazungumza habari za mapango yale. Anayajua kuliko wewe na mimi, maana yeye aliyaona kwa macho.

Kakangu, nimeandika hivi kwa kuwa Mama amenisemesha. Jana, akipeta mchele, bila kunitazama, alisema, "Mwandikie mwenzio arudi." Nikauliza, arudi tuseme nini? Akapeta kwanza. Kisha akajibu, "Kweli. Nimechoka kuwa na mtoto nisiyeweza kumtaja."

Nisamehe kwa yale mapigo mawili ya mwisho. Kwa lile la kwanza sikuombi radhi, na wallahi ningelirudia.

Rudi, Kassim. Sikudanganyi kwamba yamesahaulika. Ukirudi watakukamata, na mimi nitasimama mbele ya hakimu niseme tena yote haya, neno kwa neno, huku unanitazama. Nikishuka hapo nitakwenda nyumbani nikupikie, nije nisimame kwenye foleni ya jela pamoja na wake na mama za watu, na wakiniuliza nimemletea nani chakula, nitataja jina lako.

Ni mimi mdogo wako,
Salim
Mtongwe