Presha ya Mbuke

Jumatatu, 4 Machi 1996

Kliniki ya wajawazito. Mvua toka alfajiri, lakini benchi zimejaa hadi barazani. Mganga wetu yuko likizo, kwa hiyo niko peke yangu. Nimechoma chanjo za pepopunda, nimegawa vidonge vya damu, nimepapasa matumbo mpaka vidole vikafa ganzi.

Mbuke alikuja na mama mkwe wake. Msichana wa Kisukuma, kwao ni huko kwenye mifugo, ng'ambo ya mto. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Presha juu. Nikarudia. Juu tena. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikamwambia mashine hii inasumbua. Aende akapumzike, apunguze chumvi, arudi Jumatatu.

Mashine inasumbua kweli. Wiki iliyopita iligoma kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Nimejipima mwenyewe. Kawaida. Nimempima mfagizi. Kawaida.

Mashine ni nzima. 

Jumatano, 6 Machi

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Sikumrudisha Mbuke nyumbani kwa sababu ya mashine. Mwezi uliopita nilimpeleka mama mmoja hospitali, Mpanda, nikihofia presha hiyo hiyo. Akajifungua vizuri, hana hata homa. Nesi wa wodi akasema mbele ya watu, "Nyie wa zahanati mkiona kivuli mnakimbia." Wodi nzima ikacheka. Niliapa sitachekwa tena.

Basi. Mtoto wa watu nimemrudisha porini kwa kuogopa kicheko.

Nimetuma neno kwa mama anayeuza maziwa: Mbuke aje haraka. Hajaja. Ningeweza kwenda mwenyewe. Nilijiambia mto umejaa. Watu wamevuka kutwa nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga zahanati, nikachukua baiskeli. Mtoni maji yalifika kiunoni. Nilivuka.

Mbuke alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, kichwa amekikaza kwa kitambaa. Uso umevimba, macho yamebaki mistari. Kichwa kinamuuma tangu jana. Anaona vimulimuli mchana kweupe. Ile habari niliyotuma haikumfikia.

Mama mkwe alinitazama. "Wewe ulisema apumzike. Amepumzika."

Nikawaambia aende hospitali, sasa hivi.

Masanja, mume wake, na kaka zake walimbeba kwa kitanda, wakamvusha mabegani mpaka barabarani. Lori la mbao likasimama. Tulipita kijiji cha Litapunga salama, nikaanza kushukuru Mungu. Mapema mno. Mbele kidogo akakaza meno, mwili wote ukatikisika. Kifafa cha mimba. Nilimlaza ubavu, nikamshika kichwa. Kilipomrudia mara ya pili nililia kama mtoto, mbele ya wapakiaji.

Hospitali walimpokea kwa mbio. Nesi yule yule aliyenicheka ndiye aliyesukuma machela. Hakucheka. Wakamchoma sindano ya kuzuia degedege, wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Ijumaa, 8 Machi

Mtoto wa kiume. Mdogo sana. Alipumua mpaka jua likapanda, kisha akaacha.

Mbuke yuko hai. Hajajua bado.

Masanja alinishika mikono yote miwili. "Nesi, bila wewe ningezika wawili." Machozi yanamtoka, na anashukuru. Nami nikasema, "Asante, baba." Nimepokea shukrani za mtu niliyemwulia mtoto. Najichukia.

Kaka zake Masanja wameondoka na mtoto, kwenda kumzika nyumbani. Kanga waliyomfungia ilikuwa yangu. Hicho tu ndicho nilichoweza.

Jumanne, 12 Machi

Mganga amerudi likizo. Nilimweleza yote, jinsi yalivyokuwa. Akasema nirudi wodini Mpanda nikae na Mbuke.

Presha yake imeshuka. Anakunywa uji. Habari ya mtoto ameshaambiwa. Leo maziwa yamejaa. Matiti yamekuwa magumu, yanachuruzika hadi shukani, na kitanda cha jirani kuna kichanga kinalia. Kila kikilia, yanatoka zaidi. Aliniomba mimi nimfunge kifua maziwa yakauke, sio manesi wa wodi.

Nikaikunja kanga yake, nikaipitisha kifuani. Nikiwa nyuma yake, akauliza taratibu, "Siku ile uliponipima, uliona?"

"Niliona."

Nilishika ncha mbili za kanga, sijui niendelee au niondoke. Sikuisingizia mashine tena. Hakuuliza zaidi.

Kichanga cha jirani kikaanza tena. Mbuke akainua mikono juu zaidi, nipate kumfikia vizuri.

"Kaza," akasema. "Bado yanatoka."

Nikakaza.